UZI: Ploti ya ufuoni Malindi yapanda bei kila siku, mbona hesabu za kampuni zaonyesha mali za kudumu zimeshuka?

#1 mjukuu_wa_msabaha
Salaam wanabaraza. Nataka munisaidie hasa nyinyi wa hesabu. Tuna kampuni ya familia hapa Malindi, nyumba ya wageni ndogo pamoja na maboti ya kupeleka wageni kule hifadhi ya bahari. Babu ndiye aliyeanzisha, sasa hisa ziko kwa watoto na wajukuu na anayeendesha ni ami yetu mkubwa. Mwaka huu tumerushiwa hesabu kwa WhatsApp, kurasa mbili zimepigwa picha. Nikaenda moja kwa moja kwenye balansi shiti, pale kwenye mali za kudumu mwisho wa 2023 pameandikwa 9,640,000 na mwisho wa 2024 ni 8,270,000. Yaani milioni moja laki tatu na sabini elfu imeyeyuka mwaka mmoja na mimi sijasikia tumeuza hata kijiko. Halafu kiwanja kimeandikwa 350,000! Laki tatu na nusu, kiwanja cha ufuoni, Malindi hii hii ambayo madalali wanagombana kwa ajili ya futi chache! Mimi naona kuna mtu anatula. Nielezeni.

#2 kasa_wa_watamu
Wizi. Tafuta wakili mapema.

#3 hesabu_tulivu
@kasa taratibu bwana, usimtie mtu moto kabla hatujaona karatasi.

Mjukuu, balansi shiti haikuambii mali yenu mkiiuza leo mtapata ngapi. Kwa kawaida mali ya kudumu huandikwa kwa gharama yake, ile mliyolipa siku ya kununua pamoja na gharama za kuifikisha na kuifanya itumike, halafu kila mwaka hukatwa uchakavu, yaani sehemu ya gharama hiyo kwa kule kutumika na kuchoka kwake. Kinachobaki ndicho hicho unachokiona. Babu alinunua kiwanja lini? Kama ni zamani za bei ile basi 350,000 ndiyo aliyotoa mfukoni na itabaki hivyo hivyo mpaka muuze, au muamue rasmi kuthamini upya. Hapo hakuna mwizi. Hiyo milioni moja na kitu iliyoshuka ndiyo ya kuangalia, na huwezi kuiangalia kwa jumla. Lazima kuna maelezo nyuma yenye mchanganuo wa kila aina ya mali. Tuwekee.

#4 nahodha_kipungani
Mimi ni mtu wa boti hesabu siyajui sana, ila milioni moja kwa mwaka kwa biashara yenye boti sishangai hata. Chumvi haina huruma, na mashine ukikosa kuiosha kwa maji matamu kila jioni misimu miwili imekwisha. Watu wa bara wanadhani boti ni kama gari.

#5 bi_mkunguni
Assalaam aleikum. Mimi niko Amu (Lamu), naendesha nyumba ya marehemu mama kwa wageni. @hesabu_tulivu nina swali la dhati, kama vitu vyachakaa kila mwaka mbona kiwanja hakishuki? Na hizi nyumba zetu za mawe za mji wa kale, kuta dhiraa nzima, zimesimama kabla ya wazee wa wazee wetu, mhasibu wangu anazikata asilimia mbili na nusu kila mwaka kana kwamba baada ya miaka arubaini zitaanguka. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hatuna hata ruhusa ya kuuvunja!

#6 hesabu_tulivu
@bi_mkunguni swali zuri sana. Ardhi haikatwi uchakavu kwa sababu matumizi yake hayana mwisho, isipokuwa kitu kama machimbo ya mawe ambayo yataisha. Jengo ni jambo jingine, hata likiwa juu ya ardhi hiyo hiyo na mlinunua vyote kwa bei moja mnatakiwa muvitenganishe. Na asilimia mbili na nusu haikuteremshwa kutoka mbinguni. Kiwango cha IAS 16, kile cha kimataifa cha uhasibu wa mali za kudumu, chasema mukadirie nyinyi wenyewe kitu kitawatumikia muda gani na mwisho wake kitabaki na thamani gani, na makadirio yapitiwe walau kila mwisho wa mwaka. Ukuta wa mawe na chokaa ukikadiriwa miaka mia hakuna atakayekukamata ukiwa na hoja. Wahasibu wengi wanaandika arubaini kwa mazoea tu.

#7 mjukuu_wa_msabaha
Nimeipata kwenye ukurasa wa pili, imefifia lakini yasomeka. Nawaandikia 2023 kisha 2024:

Kiwanja 350,000 – 350,000
Jengo 5,200,000 – 4,990,000
Maboti na mashine 1,450,000 – 620,000
Fanicha na vifaa 1,640,000 – 1,435,000
Jenereta na sola 1,000,000 – 875,000

Chini kumeandikwa jengo asilimia 2.5 ya gharama, na gharama yake ni 8,400,000. Maboti asilimia 25 ya salio (kilichobaki kitabuni mwisho wa mwaka uliopita), fanicha na jenereta asilimia 12.5 ya salio. Kiwanja babu alinunua 1991.

#8 hesabu_tulivu
Ahsante. Sasa twende.

Jengo, 2.5 kwa mia ya 8,400,000 ni 210,000. Sawa kabisa. Fanicha 12.5 kwa mia ya 1,640,000 ni 205,000, sawa. Jenereta 125,000, sawa. Hizo tatu pamoja ni 540,000 na wala sina shida nazo.

Maboti ndiyo yenye kisa. Robo ya 1,450,000 ni 362,500, kwa hivyo mngetarajia kubakiwa na 1,087,500. Nyinyi mmeandikiwa 620,000. Kuna 467,500 ambayo uchakavu wa kawaida hauielezi. Hiyo laki nne na sitini na saba na nusu ndiyo ya kumuuliza ami, tena kwa adabu. Jumla ya milioni na laki tatu kama ulivyoibeba mwanzo siyo.

#9 kasa_wa_watamu
Si nilisema?

#10 nahodha_kipungani
@kasa hujasema kitu wewe, ulisema wizi kabla hata hujajua kuna boti 😂

Mjukuu uliza kama kuna boti lililogonga mwamba. Malindi ile miamba ya hifadhi maji yakipwa haina mchezo. Boti likipasuka mbavu laweza kuwa bado laonekana kizimbani lakini halina thamani. Sijui nyinyi wa hesabu mwaliandikaje.

#11 daftari_la_usiku (namalizia CPA, mitihani ya uhasibu)
@nahodha tunaliandika kama hasara ya kushuka kwa thamani, ni kiwango cha IAS 36. Unalinganisha thamani ya kitabuni na kile unachoweza kukipata, ama kwa kuliuza ukatoa gharama za kuuza, ama kwa kuendelea kulitumia, unachukua kilicho kikubwa katika hivyo viwili. Kama hata hicho kikubwa kiko chini ya kitabu unashusha. Lakini hiyo hutakiwi kuichanganya kimya kimya na uchakavu, yatakiwa isemwe.

Ila na mimi nataka kumpinga kidogo hesabu_tulivu. 467,500 ni sahihi iwapo uchakavu ulikatwa kwa salio lote kwanza. Ofisi nyingi huku hazikati uchakavu wowote kwa kitu mwaka kinapouzwa. Sasa chukua kwamba boti moja liliuzwa mapema mwaka huo bila kukatwa chochote. Basi 620,000 ni robo tatu ya yaliyosalia. Ukigawanya unapata 826,667 hivi. Toa kwenye 1,450,000, lililouzwa lilikuwa na thamani ya kitabuni kama 623,333. Tofauti ya hesabu hizi mbili si ndogo kwa familia. Kinachoweza kutuamulia ni mstari wa uchakavu kwenye hesabu ya faida na hasara. Ukiwa 902,500 hoja ya hesabu_tulivu imesimama. Ukiwa kama 746,667 imesimama yangu.

#12 hesabu_tulivu
@daftari hoja yako ina nguvu. Na mimi naongeza, kama kuliuzwa kitu lazima pesa ziingie mahali. Angalia taarifa ya mtiririko wa pesa, sehemu ya uwekezaji, pawe na mstari wa mapato ya kuuza mali. Na faida au hasara ya mauzo hayo, yaani bei ukitoa thamani ya kitabuni, iko kwenye faida na hasara.

#13 mjukuu_wa_msabaha
Hizo kurasa sikutumiwa. Nimemuandikia binamu yangu aliye na faili zima, nasubiri.

#14 bahari_na_kodi
Munahangaika bure, huyo mhasibu amenakili viwango vya KRA, mamlaka ya kodi, akaviita uchakavu. 12.5 ile ni daraja la nne la zamani la kodi, 25 ni daraja la tatu la magari. Kila kampuni ndogo pwani hii iko hivyo. Kwa hivyo hizo namba hazina maana yoyote kuhusu hali ya vitu vyenyewe.

#15 hesabu_tulivu
@bahari_na_kodi nusu nakubali. Ni kweli viwango vyanukia kodi, lakini vimepitwa. Yale madaraja ya 37.5, 30, 25 na 12.5 yaliondolewa sheria ya kodi ilipobadilishwa Aprili 2020. Sasa kwa kodi fanicha ni asilimia 10 kwa mwaka, kompyuta 25, magari 25, na jengo la hoteli unapewa nusu nzima ya gharama mwaka wa kwanza linapotumika. Ndiyo maana uchakavu wa kitabuni na punguzo la kodi ni mambo mawili, KRA haikubali uchakavu wako wa kitabuni, unaurudisha kwenye faida halafu unadai punguzo lao. Faida mkaambiwa ni moja, kodi ikatoka kwa nyingine, familia ikaja juu.

Lakini kusema namba hazina maana hapana. Hata kiwango cha mazoea kikifuatwa sawasawa kila mwaka kinakuwezesha kuona pale palipochezewa. Hapa tumeliona shimo la boti kwa sababu ya hivyo viwango.

#16 bi_mkunguni
Na makuti je? Mjukuu nyumba yenu ya makuti au bati? Mimi ndilo linaloniumiza. Ukuta umesimama karne, paa la makuti silimalizii miaka kumi sijalivua lote, na fundi, boriti, makuti yenyewe, kamba, pesa inakwenda. Mhasibu wangu mwaka wa kuezeka anaandika zote matengenezo, mwaka huo nyumba inaonekana ina hasara kubwa na ndugu zangu wa Mombasa wananipigia simu kuniuliza nimefanya nini.

#17 hesabu_tulivu
Bi, huyo mwambie atenganishe. Kiwango chataka kila sehemu kubwa ya mali yenye umri wake ikatwe peke yake. Kuta muda mrefu, paa la makuti muda wake mfupi, pampu na tangi muda wake. Mkiezeka upya, la zamani linafutwa kwenye vitabu na jipya linaingia kama mali, halafu gharama inagawanyika katika miaka litakayowafunika. Kuziba pale panapovuja hayo ni matengenezo, yaende kwenye gharama za mwaka. Ndugu zako wakiziona hesabu za namna hiyo simu zitapungua, maana mwaka wa kuezeka hautakuwa tena mwaka wa msiba.

#18 nahodha_kipungani
Sasa hapo ndio nimeelewa. Kwa hivyo kalafati ya kila mwaka, pamba na sifa (mafuta ya papa) na kupaka rangi, ni gharama. Lakini nikibadilisha mkuku, ule uti wa chini wa chombo, au nikatia mashine mpya, hiyo ni mali?

#19 hesabu_tulivu
Umepata nahodha. Mashine mpya ni mali na iandikwe kando na chombo, maana chombo kitaizika mashine tatu. Na ile uliyoitoa iondoke vitabuni hata kama uligawa bure.

#20 nahodha_kipungani
Basi na mimi namuongezea mjukuu dhana ya tatu. Mashine za zamani zilikuwa kubwa, zikabadilishwa na ndogo za kunywa mafuta kidogo, siku hizi kila mtu anafanya hivyo. Kubwa zimetoka ndogo zimeingia. Maboti yako yale yale ukienda ufuoni, ila thamani imeshuka.

#21 dalali_mwaminifu
Munazungukia maboti na dhahabu iko kwenye kiwanja. Thaminini upya! Kiwanja hicho leo ni makumi ya milioni, kiandikwe hivyo, benki itawapa mkopo, kampuni itaheshimika. Kuacha laki tatu na nusu mule ni kujidhulumu.

#22 daftari_la_usiku
@dalali hawa wakitumia viwango vya uhasibu vya kampuni ndogo (IFRS for SMEs) hawaruhusiwi kuthamini upya, ni gharama tu.

#23 hesabu_tulivu
@daftari hiyo ni ya lile toleo la 2009. Marekebisho ya 2015 yaliruhusu, kuanzia hesabu za 2017. Kwa hivyo wanaweza. Lakini @dalali usiwapambie mambo. Kwanza ukithamini kiwanja unathamini viwanja vyote vya kampuni, huchagui kile kilichopanda ukaacha kilicholala. Pili lazima uendelee kurudia ili kitabu kisiachane mbali na soko, na mthamini aliyesajiliwa halipwi kwa chai. Tatu lile ongezeko halipiti kwenye faida, linakwenda kwenye akiba ya kuthamini ndani ya mtaji, hakuna shilingi iliyoingia benki na hamuwezi kugawana. Na benki haisomi balansi shiti kujua bei ya kiwanja, itatuma mthamini wake.

#24 dalali_mwaminifu
Sawa mwalimu, lakini mrithi anayetaka kuuza hisa zake kwa binamu atatumia bei gani? Ya kitabu? Huyu mjukuu akiuziana kwa kitabu ataliwa mchana kweupe. Hilo halijajibiwa.

#25 bi_mkunguni
Hapo dalali amenena. Nimeona dada wa mtu akitoka kwenye nyumba ya baba yake kwa bei ya kitabu, na kitabu chenyewe kiliandikwa wakati shilingi ina thamani. Wanawake ndio huumia zaidi kwenye hili kwa sababu hatuitwi kwenye mkutano twaletewa karatasi ya kutia saini.

#26 hesabu_tulivu
Kwa kuuziana hisa, kitabu kiwekwe kando kabisa. Itafutwe tathmini ya soko ya siku hiyo. Bima vilevile, munakata bima kwa gharama ya kujenga upya, kwa sababu jengo lililobaki 4,990,000 kitabuni halijengeki tena kwa 4,990,000.

#27 mzee_wa_ngomeni
Hamjambo. Nauliza jambo ambalo hamjaligusa. Hati ya hicho kiwanja ni ya milele au ya kukodi? Sehemu hii ya pwani kuna hati za zamani za sheria ya 1908 ambazo ni za milele, na kuna ukodishaji wa serikali wa miaka 99. Kama ni wa miaka 99 basi ile 350,000 kukaa vile vile mwaka baada ya mwaka si sawa, kwa sababu miaka inapungua. Na katiba ya 2010 kifungu cha 65 imesema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya ukodi wa miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia ikiwa hisa zote ni za raia. Mjukuu, ami yenu hajamuingiza Mwitaliano kwenye hisa? Malindi hii?

#28 mjukuu_wa_msabaha
Mzee wangu shikamoo. Hati sijaiona kwa macho. Kuhusu Mwitaliano... kuna mmoja alikuwa rafiki wa ami, alikuwa akija kila msimu, sijui kama alipewa hisa. Sasa mumenitia wasiwasi mpya.

#29 daftari_la_usiku
@mzee_wa_ngomeni uko sahihi. Ardhi ya kukodi huandikwa kama haki ya kutumia mali na hukatwa kwa muda wa mkataba. Makampuni yanayofuata viwango kamili yalibadilika 1 Januari 2019 kwa IFRS 16, kiwango cha mikataba ya kukodi, hata mikataba ya ndege na maduka iliyokuwa nje ya mizania (balansi shiti) ikaingizwa ndani, mali upande mmoja deni upande wa pili.

#30 kasa_wa_watamu
Mzee wa Ngomeni kwa vile uko jirani nayo, na yale majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi baharini nayo yako kwenye mali za kudumu za nani? Kila nikipita na boti nayaona yamesimama tu.

#31 mzee_wa_ngomeni
Yale ni ya Waitaliano, ni mradi wa serikali yao si kampuni ya biashara. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa pale 12 Desemba 1970, na ya mwisho kurushwa ilikuwa 1988. Tangu hapo hakuna roketi, lakini kituo cha nchi kavu cha kupokea mawimbi chafanya kazi.

#32 hesabu_tulivu
Mfano wa majukwaa ni mzuri hata kama wenyewe si kampuni. Kampuni ikijenga kitu baharini na ikawa na wajibu wa kuja kukiondoa, makadirio ya gharama ya kuondoa yanaingia kwenye gharama ya mali tangu siku ya kwanza, na deni lake linaandikwa upande wa pili. Na mali kukaa bure hakusimamishi uchakavu, wengi hudhani boti likipandishwa pwani msimu wa kusi basi uchakavu umelala. Haulali, isipokuwa uwe unakata kwa saa za kazi.

#33 punda_express
Wanabaraza mie wa Amu, nabeba mchanga na simiti kwa punda, tumesajili kampuni mwaka jana. Punda wangu ni mali za kudumu au ni mifugo? Mhasibu ameniandikia "fanicha na vifaa". Naomba jibu la kweli.

#34 nahodha_kipungani
😂😂😂 Punda kwenye fanicha! Mkalie basi.

#35 daftari_la_usiku
Punda ni kiumbe hai kwa hivyo ni IAS 41, kilimo, anathaminiwa kwa bei ya soko kila mwaka.

#36 hesabu_tulivu
Hapana daftari. IAS 41 ni kwa mnyama wa shughuli za kilimo, anayezalishwa au kukuzwa kwa ajili ya kuuza au mazao. Punda wa kubeba mawe ni chombo cha kazi, yuko IAS 16 kama mkokoteni, anakatwa uchakavu kwa miaka ya kazi yake. @punda_express ukianza kuzalisha na kuuza watoto wa punda, hao ndio wa IAS 41. Na muandikie mstari wake, atoke kwenye fanicha. Minazi na miembe nayo ilihamishwa, kuanzia 2016 mti unaozaa miaka na miaka uko IAS 16, lakini nazi iliyoko juu bado ni ya kilimo.

Na wewe wa Amu kuna jambo lako muhimu. Ukinunua mashine Mombasa, lori mpaka Mokowe, boti mpaka mjini, hamali na punda mpaka mlangoni, fundi wa kuifunga, yote hayo ni gharama ya mashine. Usiyatupe kwenye nauli. Karamu ya kufungua na kuwafundisha wafanyakazi havimo.

#37 bahari_na_kodi
Angalieni pia upande wa pili wa hilo. Mjukuu analia mali imeshuka, mimi ninachokiogopa zaidi ni mali inayopanda bila sababu. WorldCom kule Marekani ndiyo hiyo, walichukua malipo ya kila siku ya kutumia laini za makampuni mengine wakayaandika kama mali za kudumu, faida ikanenepa. Juni 2002 wakatangaza dola bilioni 3.8 na baadaye ikaonekana ni zaidi ya hapo sana. Mkurugenzi wao Bernard Ebbers alihukumiwa miaka 25 mwaka 2005. Ami akitaka kuiba kwa ujanja angeongeza mali, siyo kupunguza.

#38 kasa_wa_watamu
Akitaka kununua hisa za wajukuu kwa bei rahisi atapunguza.

#39 dalali_mwaminifu
Kasa leo umesema neno.

#40 mjukuu_wa_msabaha
Nimerudi. Binamu ametuma ukurasa wa faida na hasara. Mstari wa uchakavu umeandikwa 1,370,000. Hakuna mstari wa kuuza mali, hakuna faida wala hasara ya mauzo. Mtiririko wa pesa hakuna kabisa kwenye faili. Nimempigia ami nikamsalimu vizuri, akasema boti moja liligonga mwamba mwezi wa tisa. Mhasibu nilipompigia akasema "tumebadilisha makadirio ya umri wa maboti". Mambo mawili tofauti.

#41 daftari_la_usiku
Kumbe si 902,500 wala 746,667. Wamebeba anguko lote wakaliita uchakavu. Kwa maboti ni 830,000 katika 1,450,000, zaidi ya nusu. Kama ni kubadilisha makadirio inaruhusiwa, inaanzia mwaka huo kwenda mbele na haigusi miaka ya nyuma, lakini ielezwe, na mbona chini wameacha imeandikwa asilimia 25?

#42 nahodha_kipungani
Mimi namuamini ami. Mwezi wa tisa upepo wa kusi bado haujatulia. Boti lililogonga mafundi wote wa ufuoni watakuwa wanalijua, halifichiki. Nenda ukaulize.

#43 bahari_na_kodi
Au wameuza boti taslimu na pesa hazikuingia vitabuni, wakaliondoa kupitia uchakavu ili pasionekane mstari wa mauzo. Sisemi ndivyo, nasema inawezekana.

#44 mzee_wa_ngomeni
Au lilihamishiwa kwa Mwitaliano. Ukishalipata boti ulizia jina lililoko kwenye leseni yake.

#45 hesabu_tulivu
Yote yanawezekana na makaratasi haya hayatoshi kuchagua. Mjukuu, wewe ni mwanahisa, nakala kamili ya hesabu za mwaka ni haki yako, usiombe kama fadhila. Kisha omba rejista ya mali za kudumu. Iwe na kila boti na kila mashine kwa mstari wake, tarehe ya kununua, gharama, uchakavu mpaka sasa, namba ya mashine, na iko wapi. Ukiipata nenda nayo ufuoni pamoja na nahodha yeyote unayemuamini, musome namba iliyogongwa kwenye mashine mulinganishe. Kama boti liligonga, kutakuwa na risiti za fundi au barua ya bima. Kama makadirio yalibadilishwa, waulize yalibadilishwa na nani na lini.

#46 mjukuu_wa_msabaha
Shukran sana. Rejista nimeiomba leo kwa maandishi na nimemuwekea binamu nakala. Hati ya kiwanja pia nimeomba kuiona.

#47 bi_mkunguni
Waite na shangazi zako kwenye kikao hicho, wasiletewe karatasi baadaye.

#48 punda_express
@hesabu_tulivu samahani kurudi nyuma, punda nakadiria miaka mingapi? Na matandiko yake ni mali ama gharama?